Uwanja wa Gofu ni wa Nani?

Ng'ambo ya Tunduma, ndani ya Zambia ya leo, palikuwa na boma la wakoloni lililoitwa Fife. Jina lilitokana na lodi mmoja wa Kiskoti aliyekuwa katika uongozi wa kampuni ya Cecil Rhodes, na cheo cha lodi huyo kilitokana na jimbo la Fife, mashariki ya Uskoti. Katika jimbo hilo uko mji wa St Andrews, ambao wachezaji wa gofu wa dunia nzima wanauhesabu kuwa nyumbani kwa mchezo wao. Jirani na boma hilo Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katika miaka ya 1890. Kabla yao, mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha za kukata barabara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Ziwa Tanganyika, nayo ikapita nyanda hizo hizo. Na Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani wa Moravian, waliofika Mbozi mwaka 1899, kazi yao ya huku iliangaliwa na Waskoti wa Livingstonia hadi katikati ya miaka ya 1920.

Kwa hiyo Mskoti si mgeni hapa Mbozi Mission, kituo cha Wamoravian hao. Mchezo wake ndio mgeni. Hapa pana kanisa, hospitali, shule, mibuni na kiwanja cha mpira. Uwanja wa gofu hakuna. Hata hivyo naona hapa ndipo pa kuujadili, kwa sababu swali la klabu ya gofu ni swali la ardhi, na watu wanaoishi kando ya ardhi ya misheni wanajua kuuliza kipande fulani ni cha nani, kilitolewa na nani, na nani ana haki ya kukatiza. Sauti nne zifuatazo nimezibuni na kuziketisha mimi mwenyewe: mwalimu mstaafu, mkulima wa kahawa, muuguzi, na kijana aliyewahi kubeba mikoba ya gofu Zambia. Hoja niliyowapa ni moja: klabu ya gofu ni mali ya wanachama wake, au ni mali ya mji uliouzaa mchezo?

KIJANA: Shikamoo Mwalimu. Shikamoo baba.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Nianze mimi, maana najua wenzangu wamekuja na mapanga. Klabu ni watu waliokubaliana kanuni. Hilo ndilo Waskoti walilotupa. Watu walikuwa wakipiga mpira kwa fimbo karne nyingi kabla ya klabu yoyote. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti lilipiga marufuku gofu, na soka pia, kwa sababu vijana waliacha kujifunza upinde. Lakini huo ulikuwa mchezo wa kila mtu na lake. Mwaka 1744, pale Leith karibu na Edinburgh, waungwana waliomba mji uwape zawadi ya kushindania, wakapewa fimbo ya fedha, na ili washindane bila ugomvi wakaandika kanuni 13. Kumi na tatu tu, na mchezo wa leo umejengwa juu yake. Miaka kumi baadaye wenzao wa St Andrews wakaunda chama chao. Bila chama hakuna kanuni, bila kanuni hakuna mchezo. Na chama kina haki ya kusema nani aingie, kama vile kwaya yetu inavyochagua waimbaji.

MKULIMA: Kwaya yetu haihitaji ekari 120 ili iimbe, Mwalimu.

MWALIMU: Nilijua utaanza na ekari.

MKULIMA: Nianze na nini kingine? Uwanja wa mashimo 18 unakula ekari 120, mara nyingine 150. Ekari moja ya kahawa hapa inabeba mibuni zaidi ya mia tano. Zidisha mwenyewe. Halafu niambie, hao Waskoti wako walicheza wapi? Kwenye shamba la shayiri?

MWALIMU: Hapana. Ukanda wa mchanga kati ya bahari na mashamba. Udongo wa chumvi, nyasi fupi, upepo.

MKULIMA: Ahaa. Ardhi isiyootesha kitu.

MWALIMU: Walilisha kondoo. Kondoo ndio waliokata nyasi. Tena husemwa kwamba yale mashimo ya mchanga yanayowatesa wachezaji hadi leo yalianza pale kondoo walipojikinga na upepo, wakachimbua majani mpaka mchanga ukatokeza.

MKULIMA: Basi hilo ninaliheshimu. Mskoti hakumnyang'anya mkulima kitu. Alicheza pale ambapo jembe lilishindwa, na kondoo wake wakashiba papo hapo. Alipofika Afrika ndipo alipobadilika. Alichagua ardhi iliyo katikati ya mji, akazungushia ua.

Mkulima amegusa jambo ambalo historia ya gofu ya Afrika Mashariki hailitaji vya kutosha, na nitalirudia. Kwanza kijana aseme, maana yeye peke yake kati ya hawa wanne ndiye aliyeukanyaga uwanja.

KIJANA: Mimi nilikuwa Ndola, ukanda wa migodi ya shaba. Kule gofu ililetwa na wazungu wa migodini na wa reli, na baada ya uhuru ikabaki. Uwanja wa Ndola una vichuguu vikubwa kupita nyumba. Havikubomolewa. Viko katikati ya njia ya mpira, ukishindwa kuvikwepa shauri yako. Mimi nilikuwa kedi. Unabeba mkoba, unatembea nyuma ya bosi kidogo, jicho halitoki kwenye mpira. Ukipotea majanini, lawama ni yako. Karibu na shimo ndipo unapopata heshima. Bosi anachuchumaa, anakuuliza, "Unakwenda wapi huu?" Unaangalia majani yamelalia upande gani, unaangalia mteremko, unamwonyesha kwa kidole: hapa, upana wa kikombe, kushoto. Akifuata, unaingia. Wengi wao hawakujua kusoma nyasi kama sisi, ila kadi ya kuandikia alama ilikuwa na jina lao.

MUUGUZI: Na wewe ulicheza?

KIJANA: Jumatatu, mama. Klabu nyingi huwaachia makedi Jumatatu. Fimbo moja tulipokezana watu wanne.

MWALIMU: Lakini hiyo ni ngazi, usiidharau. Tom Morris wa St Andrews, yule wanayemwita Mzee Tom, alitoka kwa watu wa kawaida, akaanza kwa kujifunza kazi ya kutengeneza mipira. Mpira wa siku hizo ulikuwa wa ngozi. Unaloweshwa, unashonwa, unaachwa tundu dogo, halafu fundi anashindilia humo manyoya ya bata yaliyochemshwa, kofia nzima ndefu ya manyoya kwa mpira mmoja. Ukikauka, manyoya yanafura na ngozi inajikaza, unakuwa mgumu kama jiwe. Fundi mzuri alitoa michache tu kwa siku, kwa hiyo ulikuwa ghali, na mchezo ukawa wa wenye nazo. Mwaka 1848 ukaingia mpira wa utomvu wa miti ya Asia, wa bei nafuu, na mafundi na wafanyakazi wakaweza kucheza. Mzee Tom aligombana na bosi wake juu ya mpira huo mpya, akaondoka kwenda Prestwick. Mashindano ya wazi, The Open, yalipoanzishwa huko mwaka 1860, yeye alikuja kuyashinda mara nne. Mwanawe akashinda nne nyingine.

KIJANA: Kwetu pia wapo. Dismas Indiza wa Kenya alianzia kwenye mikoba kule Mumias. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki ukiwauliza walianzaje, watakuambia mkoba. Ninachosema, Mwalimu, ngazi hiyo haikujengwa na klabu. Sisi tulipanda ukuta.

Hapo nawasimamisha, nisimulie kisa cha sungura, kwa sababu bila kisa hicho mjadala huu utazunguka hapo hapo.

Mwaka 1552 Askofu Mkuu wa St Andrews, John Hamilton, alitia sahihi hati kuhusu ule ukanda wa mchanga. Yeye alibakiza ruhusa ya kufuga sungura humo. Wananchi wa mji wakathibitishiwa haki yao ya kucheza gofu, kupiga soka, kulenga shabaha na kulisha mifugo. Msomaji wa Mbozi Mission aitazame hati hiyo vizuri. Mkuu wa kanisa, mwenye ardhi, anaandika kwamba ardhi hii, ingawa iko mikononi mwangu, watu wana haki ndani yake. Chama cha waungwana hakikuwapo bado. Kilikuja miaka mia mbili baadaye. Haki ya mji ilitangulia klabu.

Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imezama kwenye madeni, iliiuza ardhi hiyo. Wakati huo viongozi wa mji walitaka pesa, kama viongozi wa miji mingi wanavyotaka pesa. Miaka miwili baadaye ikawa mikononi mwa ukoo wa wafanyabiashara, akina Dempster, waliofuga sungura kibiashara kwa nyama na ngozi. Sungura wakazaana, wakachimba kila mahali, uwanja ukawa matundu matupu. Wachezaji wakaenda mahakamani. Wananchi nao hawakungoja hukumu ya mwisho: walitoka kuwinda sungura, na watu wa Dempster wakatoka kuwalinda, wakapigana. Mvutano ulichukua zaidi ya miaka ishirini, kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, London. Uliisha mwaka 1821 pale James Cheape, mwenye shamba jirani aliyependa gofu, alipoinunua ardhi na kuuacha mchezo uendelee. Mwaka 1894 mji uliirudisha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge, na tangu 1974 inasimamiwa na amana iliyoundwa kwa sheria nyingine.

Klabu mashuhuri kuliko zote, Royal and Ancient, ina jengo lake la mawe mbele ya shimo la kwanza tangu 1854. Uwanja si wake. Unatumiwa na klabu kadhaa, ikiwamo moja iliyoanzishwa na mafundi na watu wa kazi za mikono mwaka 1843. Mkazi wa mji anakata tiketi ya mwaka kwa bei nafuu, na mgeni anaingiza jina lake kwenye bahati nasibu ya kila siku. Njia ya umma inakatiza mbele ya shimo la kwanza na la mwisho. Mtu na mbwa wake wanapita, wachezaji wanasubiri. Jumapili uwanja ule mkongwe hauchezwi. Familia zinatembea juu ya nyasi ambazo siku nyingine mabingwa wa dunia wanazikanyaga kwa woga.

MWALIMU: Sikatai. Ila umeruka jambo. Mwaka 1764 waliokubaliana kuunganisha mashimo mafupi ili raundi iwe 18 badala ya 22 hawakuwa mji. Walikuwa chama. Leo dunia nzima inacheza 18 kwa sababu ya wanachama wa St Andrews. Klabu ilitunza.

MKULIMA: Itunze, mzee wangu! Nani kasema isitunze? Mtunzaji na mwenye mali ni watu wawili. Hospitali ya misheni ina mlinzi getini. Je, hospitali ni yake?

MUUGUZI: Nami niingie, maana mnazungumza mji, mji, kana kwamba mji ni wanaume. Mwanzoni mwa 1811, pale Musselburgh, klabu ya wanaume iliweka zawadi kwa wanawake wauza samaki. Wanawake hao walibeba samaki mgongoni kwenye makapu hadi Edinburgh kuuza, na siku ya mapumziko wakacheza gofu. Zawadi ya kwanza ilikuwa kapu jipya la samaki na shali. Nikisoma hilo nawaona wanawake wanaoshusha mizigo Mlowo siku ya gulio. Wanawake wa kazi walikuwa ndani ya mchezo huu tangu zamani. Halafu ikawaje? Ile klabu iliyoandika kanuni 13 za Mwalimu, ambayo ilihamia Musselburgh kisha Muirfield, ilifika mwaka 2016 haina mwanachama mwanamke hata mmoja. Mwaka huo walipiga kura. Kulihitajika theluthi mbili, wakapata asilimia 64. Wanawake wakabaki nje.

MWALIMU: Mwaka uliofuata wakabadilisha.

MUUGUZI: Wakabadilisha, Mwalimu, kwa sababu walinyang'anywa haki ya kuandaa mashindano ya The Open. Kura ya pili ilivuka asilimia 80. Wanawake wa kwanza wakaingia 2019. Royal and Ancient yenyewe iliwakubali mwaka 2014. Miaka 260 kukubali kwamba mama anaweza kukaa kwenye kiti! Na hapa kwetu Madina Iddi wa Arusha amevuka mipaka, akacheza Zambia na Uganda, akarudi na vikombe. Ungemwambia asubiri kura ya theluthi mbili?

Muuguzi amekasirika, na ana haki. Hata hivyo kuna sehemu ya hoja ya Mwalimu ambayo wenzake hawajaijibu, nami sitaki ipite. Anasema klabu hulinda. Katika miji yetu inayopanuka kila mwaka, uwanja wa gofu mara nyingi ni kipande cha mwisho cha kijani kikubwa. Ukisimama upande wa Bustani ya Mimea, Dar es Salaam, nyasi za Gymkhana ndizo zinazotenganisha mji wa maghorofa na bahari. Kitante, katikati ya Kampala, bonde la gofu linapokea maji ya mvua ya vilima vinavyolizunguka. Ondoa klabu leo, na kesho asubuhi vigingi vya viwanja vitakuwa vimeshasimikwa. Kitante yenyewe sehemu yake ilikatwa, pakapanda majengo ya biashara.

Swali langu ni hili: siku hiyo ikifika, nani atasimama mbele ya tingatinga? St Andrews walisimama watu wa mjini wenye fimbo za kuwindia sungura, kwa sababu walijua wanapigania pa kwao. Mfanyakazi wa Kariakoo ambaye hajawahi kukanyaga nyasi za gofu, aliyeziona kupitia ua tu, ana sababu gani ya kuzipigania? Royal Nairobi, iliyoanzishwa 1906 na kupewa jina la kifalme 1935, imepakana na Kibera. Picha ya kutoka angani inaonyesha mabati yamebanana upande mmoja, na upande wa pili kijani kitupu. Vijana wa Kibera wanavuka kila asubuhi kwenda kubeba mikoba. Klabu inayowaingiza watu mlango wa kazi peke yake inajijengea majirani ambao siku ya hatari watanyamaza.

Hapo ndipo naliona kosa la mwanzo. Wakoloni walileta kanuni, fimbo na jengo la klabu, wakaiacha Uskoti ile hati ya 1552. Entebbe ilipata klabu yake mwaka 1901, na Kampala, Nairobi, Dar es Salaam zikafuata. Kote huko klabu na uwanja vikawa kitu kimoja ndani ya ua mmoja, na anayekatiza akaitwa mvamizi. Jinja waliandika kanuni ya kumruhusu mchezaji aokote mpira ulioingia kwenye wayo wa kiboko. Kiboko alifikiriwa katika kanuni. Mwenyeji aliyekuwa na njia yake ya kwenda ziwani hakupata kifungu.

MWALIMU: Maneno makali. Lakini mambo yamebadilika. Nenda Lugalo, Dar es Salaam. Klabu ya Jeshi la Wananchi. Askari, watoto, raia, wote wanacheza.

KIJANA: Ni kweli, Mwalimu. Lugalo wamefungua. Hata hivyo bado unahitaji fimbo, na seti moja ni hela ya msimu mzima wa kahawa.

MWALIMU: Zamani watu walicheza na kidogo walichokuwa nacho. Viwanja vingi vya bara enzi hizo havikuwa na nyasi laini kuzunguka shimo. Walitandaza mchanga, wakauchanganya na oili chafu ili upepo usiupeperushe, wakaulainisha. Kila kundi likimaliza, mtu anaburuta ubao kutoka shimoni kwenda nje ili kufuta nyayo, na kundi linalofuata linakuta uso mpya. Gharama yake ndogo na haunywi maji.

MKULIMA: Hapo umenena. Maji! Huku mvua ikikatika mwezi wa tano tunasubiri hadi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Nani atamwagilia nyasi za mchezo wakati kahawa iliyochumwa inahitaji maji ya kuoshea?

MWALIMU: Ndiyo maana nasema mchanga.

MUUGUZI: Oili chafu karibu na kijito? Wanaokunywa ni wagonjwa wangu.

MWALIMU: Mchanga bila oili, basi. Utafagiwa mara nyingi zaidi.

Nafurahi kuona wameacha kuongea juu ya Uskoti na wameanza kuongea juu ya hapa. Lakini mustakabali wa klabu za Uskoti zenyewe una somo, nao si mwepesi. Montrose, pwani ya mashariki, gofu imechezwa tangu 1562. Bahari inaila. Katika miaka kama 30 imesogea makumi ya mita, na sehemu za uwanja zimelazimika kuhamishiwa ndani. Uwanja ulionusurika wafalme na vita unaweza kushindwa na maji. Kaskazini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, Aberdeenshire, Donald Trump alifungua uwanja wake mwaka 2012 juu ya vilima vya mchanga vilivyokuwa vimehifadhiwa kisheria kwa sababu mchanga wake ulikuwa ukihama kwa nguvu za upepo. Uwanja ulipohitaji mchanga utulie, wahifadhi waliondoa hadhi hiyo ya hifadhi miaka michache baadaye, wakisema kilichokuwa kikihifadhiwa kimeharibika. Mkulima mmoja jirani alikataa kumuuzia kipande chake, akabaki hapo hapo.

MKULIMA: Huyo mkulima ningependa kumpa mkono.

KIJANA: Na huko Uskoti, baba, sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inamruhusu mtu yeyote kukatiza uwanja wa gofu kwa miguu, mradi asikanyage pale penye shimo na asiwasumbue wanaocheza. Yeyote.

MKULIMA: Umelipata wapi hilo?

KIJANA: Bosi mmoja Ndola alikuwa wa Aberdeen. Alilalamika.

MWALIMU: (anacheka) Basi niwaulize ninyi mlioshinda. Akija mwekezaji kesho, akasema anataka ekari 60 hapa Mbozi Mission, uwanja wa mashimo tisa, hoteli ndogo, watalii wanaokuja kuangalia kimondo cha Mbozi walale hapa. Mtasema nini? Mtamfukuza?

Swali zuri, na ndilo lililonifanya niuandike mjadala huu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ardhi ya kijiji haihamishwi bila mkutano mkuu wa kijiji kusikilizwa. Kwenye karatasi ni ngao nzuri. Kwa vitendo, mkutano huitishwa kwa haraka, mwekezaji huletwa na gari la serikali, soda zinagawiwa, na watu wanaulizwa swali moja: mnakubali au hamkubali? Wanapoulizwa hivyo wamekwisha kupunjwa. Swali la St Andrews lilikuwa tofauti: nani atabaki na haki gani ndani ya ardhi hii baada ya kutia sahihi? Askofu Hamilton alilijibu kwa maandishi, na maandishi hayo yalidumu kuliko kanisa kuu lake, ambalo leo ni magofu.

MKULIMA: Mimi sitamfukuza. Nitamwambia kwanza, ardhi yenye mibuni haiguswi. Kuna miteremko yenye mawe kule ambako hata mihogo inakataa. Akachezee huko, kama Waskoti walivyofanya. Pili, njia zinazokwenda kisimani, kanisani na hospitalini zibaki wazi usiku na mchana, na mchezaji ndiye asubiri. Tatu, mbuzi walishwe wakati hakuna mchezo.

MUUGUZI: Nne, hakuna kura ya theluthi mbili kwa mwanamke. Mwanamke anaingia kwa mlango na kwa ada ile ile, na yumo kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Na Jumapili uwanja ufungwe kwa wachezaji, watu watoke kanisani watembee na watoto wao.

MWALIMU: Jumapili ndiyo siku ya mapato, mama! Watalii...

MUUGUZI: St Andrews hawapati mapato?

MWALIMU: Wanapata. Haya, andikeni Jumapili. Lakini nami nina sharti langu. Viwepo vitabu vya kanuni, kwa Kiswahili, na chama chenye katiba. Mkianza kwa kusema ni pa wote bila kusema nani anafagia mchanga, mwaka wa pili patakuwa kichaka.

MKULIMA: Hilo nakubaliana nawe moja kwa moja, mzee wangu.

KIJANA: Na makedi?

MWALIMU: Makedi watalipwa.

KIJANA: Sijauliza mshahara. Nauliza watacheza lini.

MKULIMA: Si ulisema Jumatatu?

KIJANA: Jumatatu ni siku ambayo uwanja hauna mtu, baba. Ukiachiwa Jumatatu umepewa kilichobaki. Nataka liandikwe jina la kedi kwenye kitabu cha wanachama, na Jumamosi asubuhi, wakati wa mashindano, akate namba yake kwenye foleni kama bosi.

MWALIMU: Na siku hiyo atakayembebea bosi mkoba ni nani?

KIJANA: Bosi ana mabega, Mwalimu.